Mnara Usio wa Baba Tena

Ifakara

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Bibi naye mfikishie shikamoo yangu, nami nauliza kama mguu wake umepungua kuvimba. Mwili wangu ni mzima. Moyo ndio mpweke, maana tangu mnara wa simu wa hapo kijijini uzime sijaisikia sauti yako, na humu ndani sina wa kuongea naye.

Baba siku nyingi halali hapa. Tangu kampuni ya simu iwape wakandarasi kazi ya kutunza minara, mafundi wamepunguzwa, na waliobaki wamegawiwa maeneo. Yeye yuko kwa mkandarasi wa upande wa Mkula na Idete; huko kwetu Malinyi ni kwa mwingine. Laini yake ya zamani ameniachia mimi. Mtandao ukisumbua, watu bado wanaipiga wakimtafuta fundi, nami nawaeleza kwamba siku hizi taarifa huenda kwanza Dar es Salaam, kisha fundi ndipo hutumwa. Mzee mmoja wa Idete alicheka, akasema, "Mjukuu wangu, zamani mnara ulikuwa na mwenyewe. Sasa una wajomba tu, wa kuja na kuondoka." Nilitamani asikate simu.

Wiki iliyopita nilimwuliza Baba kwa nini asipite tu hapo kwetu aiwashe jenereta ya mnara. Alikuwa anafunga kamba za viatu, hakuinua kichwa. Akanieleza kuwa mwenzake aliombwa na wakwe zake afungue uzio wa mnara usio wa eneo lake, auwashe. Alifungua, akaachishwa kazi.

"Ningekuwa sijui kuitengeneza jenereta ile, Skola, ningelala usingizi," akasema.

Sasa amepata likizo fupi. Atakuja Jumamosi kumwona Bibi. Mimi nabaki kwa ajili ya mitihani. Barua hii nampa kondakta wa basi la Malinyi ili imtangulie, kwa sababu najua majirani watampokea kwa kusema fundi wao amefika. Na Baba hajui kumkatalia mtu wa nyumbani.

Mama, natamani kukusikia kuliko ninavyoweza kuandika. Lakini tafadhali usimwombe aufungue, na Bibi asimwombe. Naamini wenye eneo lao watafika.

Msalimie Mjomba Festo huko mtoni. Na mdogo wangu Deo mwambie Jumapili ampeleke Baba kanisani kwa njia ya mashambani. Ni ndefu, lakini haipiti mnarani.

Ni mimi mwanao, ninayewawaza kila jioni,
Skolastika