Walikuja kumuulizia ndugu yangu

Jumatatu. Mvuke umetanda hapa Mabela, Maskati, tangu alfajiri, vioo vya madirisha vinatoka jasho, na mimi tangu Bi Zuwena aondoke nafunga milango kwa kishindo. Watoto wameniona wakanikimbia. Wamefanya vyema.

Nina hasira. Naandika ili nisije nikasema kitu mbele ya mama.

Bi Zuwena ni shangazi yake Rayya, na Rayya ndiye anayeposwa na mdogo wangu Hilal, anayeishi Amerika, New Jersey. Posa imeshapelekwa. Sasa tumefika pale ambapo watu wa msichana wanazunguka kumuulizia mwanamume: anaswali, hasira zake zikoje, anakula kwa kazi gani. Kwetu jambo hili si la mzaha. Ukiulizwa kwa ajili ya ndoa umewekewa amana, na aibu ambayo siku nyingine ungeisitiri, siku hiyo unaisema. Marehemu baba aliwahi kuivunja posa ya mpwa wake mwenyewe kwa jibu moja, na hakuna aliyethubutu kumlaumu.

Mama huwaambia watu kwamba Hilal anafanya kazi ya kompyuta. Ni kweli, kama ilivyo kweli kwamba mwizi kazi yake ni kutembea usiku.

Hilal anafanya kazi katika kampuni ya kubeti. Mahakama kuu ya huko iliyaachia majimbo, kila moja lijiamulie, na New Jersey hawakungoja kuitwa mara mbili. Majimbo mengine nayo yanaingia moja baada ya jingine, kila moja likiogopa kodi isiende kwa jirani, na kila likifunguliwa jipya Hilal hunipigia kama mtu aliyepata mtoto. Ng'ambo ya mto, katika jimbo la jirani, bado ni marufuku. Basi watu wanapanda baiskeli, wanavuka daraja, wanasimama upande huu kando ya barabara, wanabeti kwa simu, wanarudi makwao. Alinisimulia huku anacheka mpaka anakohoa.

Na yeye kazi yake hasa ni hii. Mtu akijizuia siku mbili tatu asicheze, simu inamwita kwa jina lake, inamwambia timu yako iko uwanjani leo, njoo, beti hii tunakulipia sisi. Hilal ndiye anayeyatunga maneno hayo na kuchagua saa ya kuyatuma. Yeye mwenyewe hagusi. Kamari ni haramu, dada, aliniambia, mimi dini yangu naijua.

Anaijua! Afadhali angekuwa haijui.

Majira ya baridi nilikwenda kumtembelea. Jirani yake alikuwa dereva wa basi la shule, mtu mpole, alinibebea mizigo yangu mpaka juu bila kuombwa. Asubuhi moja mkewe alinikaribisha chai, nikamkuta yule bwana mezani na simu mkononi, chai imepoa, anatazama tenisi ya wasichana wa nchi ambayo nadhani hata kuionyesha kwenye ramani asingeweza. Mkewe alisimama nyuma yake na sahani ya mayai, na nilijua kwa macho yake kwamba kusema ameshasema mpaka amechoka. Niliporudi nikamwambia Hilal. Akanijibu, "Yule? Yule mteja mzuri."

Mteja mzuri. Mtoto niliyembeba mgongoni mimi.

Barabarani huko kote matangazo ya kubeti, mpira ukipumzika matangazo, na chini kabisa, kwa herufi za kuumiza macho, kuna namba ya simu ya kupiga ukiona umeshindwa kuacha. Wanakutia moto kisha wanakuonyesha kisima kilipo.

Basi leo, kabla mgeni hajafika, mama alinivuta jikoni. "Funika kombe mwanaharamu apite," akaniambia. "Akikuuliza we sema kompyuta, basi. Usinivunjie nyumba ya mwanangu."

Bi Zuwena akafika, tukasalimiana, mama akenda kuchukua dele la kahawa, na yule bibi akanisogelea. "Mwanangu, nakuuliza kwa amana. Kazi ya huyu kijana nini hasa?"

Nikamwambia. Yote. Nilingoja avute buibui lake, anyanyuke, aondoke, na nilikuwa tayari kwa kilio cha mama.

"Kwani huko serikali yao si imeruhusu?" akauliza.

Nikasema imeruhusu.

"Haya, hilo lao wenyewe na serikali yao. Mshahara si upo? Na makaratasi ya kukaa huko anayo?" Akachukua tende, akaitoa kokwa. "Ila Rayya tusimwambie, mwanangu. Nnamjua mie yule, ana maswali mengi. Atakataa."

Mama alipoingia na kahawa alimkuta mgeni anacheka, akadhani nimesema kompyuta. Alinitazama kwa shukrani, na nilitamani nilitupe dele ukutani.

Hiki ndicho kinachonichoma. Wabunge wa mbali, ambao hawajui hata kama kuna mji unaoitwa Maskati, wamepiga kura zao, na kura hizo zimekuja kukaa kwenye zulia la mama yangu na kuitwa ruhusa. Mimi nilidhani sisi tunaye mwingine wa kumwomba ruhusa. Bi Zuwena ameniuliza kwa amana kisha anataka amana hiyo ife mkononi mwangu, na atakayeolewa, atakayelala nyumba moja na yule mtu mwenye kuchagua saa ya kumwamsha mlevi wa kamari, ndiye peke yake asiyetakiwa kujua.

Amana si ya shangazi.

Rayya anafanya kazi duka la dawa Al Khuwair, ng'ambo ya barabara kutoka ofisini kwangu. Kesho wakati wa mapumziko nitakwenda. Sitangoja aniulize. Akitaka kumkubali amkubali, lakini amkubali mzimamzima, pamoja na kazi yake.

Baada ya Magharibi Hilal alipiga simu. Mama alikuwa ameshampa habari. "Ahsante dada," akasema, "nimeambiwa umenisitiri." Alikuwa na furaha, anaongea harakaharaka kama alivyokuwa akiongea alipokuwa mdogo, akiwa na kitu cha kunionyesha. Nilimwacha aseme mpaka akamaliza. Nimeisikiliza sauti ile vizuri, kwa sababu sijui nitaisikia tena lini.