Joto la Kompyuta ya Joanitha

Kamuli, Kyerwa
Jumatatu, 10 Machi 2025

Kwako Tuyizere,

Nakusalimu kwa sababu mtu niliyekua naye mlango kwa mlango siwezi kumwandikia bila salamu, si kwa sababu moyo wangu umepoa. Mama yako mpe shikamoo yangu. Nilisikia mguu wake umevimba tena, naomba uwe umepungua na aweze kwenda kisimani mwenyewe. Mimi ni mzima, ila mgongo. Huku mvua zimeanza, upepo wa wiki iliyopita umelaza migomba ya tajiri wetu mzee Melkiory nusu shamba, na anayeiegemeza miti ni mimi peke yangu, kwa sababu nafasi yako hajaiajiria mtu.

Ningekupigia, lakini umenifungia simu. Nilijaribu kwa namba ya mpishi, ukasikia sauti yangu ukakata. Basi nimempa barua dereva wa lori la ndizi anayepita kwetu Kakonko. Ukitaka kuichana, ichane, lakini isome kwanza hadi mwisho. Humu ndani mna kitu unachokihitaji kuliko mimi.

Kwanza langu. Siku unaondoka ulisimama mbele ya ghala la kahawa, vibarua wote wanasikia, ukasema mimi nimezaliwa na mwanamke aliyekuwa akiomba chumvi nyumba hadi nyumba, ndiyo maana sina aibu. Mama yangu yuko kaburini, Tuyizere. Na chumvi hiyo mara nyingi aliiomba kwenu, na mama yako hakuwahi kuisema. Wewe ndiye uliyeisema, tena ugenini. Tangu siku hiyo kibarua mwenzetu Cleophace haniiti jina langu. Chumvi, lete toroli. Chumvi, leo ugali umekolea au tukuite? Wanacheka mpaka wanakaa chini. Hilo sijakusamehe, na sikuandikii ili kukusamehe.

La pili, umewatangazia watu wa nyumbani kwamba mimi Celestin ndiye niliyekukosesha Kemilembe uliyemposa. Na mimi nimesikia mzee Aristides wa Kihanga alivyokujibu, kwamba binti yake haolewi na mtu aliyefukuzwa kazi kwa kufunga vitu kwenye mali za watu. Neno hilo, kufunga vitu, huku kwao maana yake ni uchawi, ni zito kuliko wizi. Ndilo ninalotaka kulizungumza, lakini nitaanza mwanzo, maana nakujua, unapenda kurukia mwisho halafu unagomba.

Unakumbuka Novemba, mzee alipomaliza nyumba mpya ya mlimani, akaamuru vyombo vya studio ya binti yake vihamishwe kutoka senta. Pikapu ilizama kwenye tope pale chini, ikabidi tubebe. Dada Joanitha aliishika ile kompyuta yake kubwa kama mtu aliyeshika mtoto. Alitueleza kwamba imetoka Kampala, kwamba ndiyo inayounganisha video zake zote za harusi, na kwamba ndani yake mna maji yanayozunguka kwenye mipira miwili kuipoza, kama rejeta inavyopoza injini ya lori. Kisha akatutazama sisi wawili akasema wewe ndiye utakayeibeba, uikumbatie, usiilaze wala usiipindue. Mimi akanipa viti. Alisema, tena hakushusha sauti, kwamba mikono yangu ni ya magunia.

Kesho yake kompyuta ikaanza kujizima. Anaiwasha, inakaa dakika kumi, inazima. Alisema joto la prosesa, yaani ule ubongo wake, linapanda hadi nyuzi mia. Siku hiyo kila mtu alikuwa fundi. Mzee Melkiory alisema maji yamekwisha, yaongezwe. Mpishi akaleta maji yaliyochemshwa, akidhani machafu ndiyo yameleta ugonjwa. Wewe uliuliza kama haitakunywa hata rubisi, pombe yao ya ndizi, na Joanitha akacheka, na mimi nilikuchukia kwa kile kicheko.

Siku ya tatu akaja Benjamin, fundi kutoka Bukoba. Aliwaambia maji ya mashine ile yamefungwa kiwandani, hayaongezwi, na aliyeleta sufuria aende akapikie chai. Akafungua ubavuni. Akaweka sikio akasikia pampu ikikoroma, akasema kuna hewa imeingia, kana kwamba mashine iligeuzwa miguu juu. Wewe uliapa kwamba hukuigeuza. Akaiinamisha huku na huku, mkoromo ukaisha, joto likabaki palepale. Akang'oa kile kichwa cha pampu juu ya prosesa, akafuta dawa ya kupitisha joto iliyokauka, akapaka mpya. Joto likabaki. Mwishowe akashika mipira yote miwili kwa vidole. Alitueleza kwamba kama mmoja ungekuwa wa moto na mwingine wa baridi, basi maji yangekuwa hayatembei, na kosa lingekuwa la pampu. Lakini yote miwili ilikuwa ya moto. Kwa hiyo maji yanatembea vizuri, yanalibeba joto mpaka kwenye rejeta ya juu, na joto likifika pale halina pa kutokea.

Ndipo akabandua kifuniko cha juu, kile chenye matundu. Feni zilikuwa mbili. Ya mbele ilikuwa ikivuma vizuri, na mvumo wake ndio uliotudanganya sote. Ya nyuma ilikuwa imesimama. Katikati ya mapanga yake palikuwa na kamba ya mgomba, imesokotwa, ina kifundo. Chini yake, kwenye mapezi ya rejeta, majani makavu ya mgomba yaliyosagika yalikuwa yamejaa na kushindiliwa.

Benjamin alitaka kuivuta tu, mzee akamzuia mkono. Alisema kamba haijifungi, iliyofungwa ina aliyeifunga. Akauliza ni nani aliyeibeba mashine, na Joanitha akakutazama wewe, na mtu mmoja nyuma akakumbusha kwamba babu yako alikuwa mganga. Ukasema uliniachia mimi mashine kwa muda njiani. Mzee akaniuliza. Nikasema Tuyizere hakuiachia hata kidogo, alitembea nayo mwanzo hadi mwisho na mimi nikiwa nyuma na viti. Jioni hiyohiyo ukafungasha.

Sasa soma hapa polepole, na kama mama yako yupo karibu, msomee kwa sauti.

Uliniachia mashine. Pale kwenye kilima, tumbo lilipokusokota, uliiweka kwenye nyasi, ukaniambia nisiiguse, ukaingia migombani. Nilikaa nikaiangalia. Nilikuwa nimebeba viti kama punda na yule dada alikuwa ameniambia mikono yangu ni ya magunia. Nikasema moyoni kwamba nitaifikisha juu kabla hujatoka, ukute imefika, nikuone uso. Wewe unajua mimi sijui kukumbatia mzigo. Mzigo kwangu ni kichwani. Nikasuka ngata ya majani makavu, nikaikaza kwa kamba ya mgomba. Mashine ilikuwa na miguu chini, ikanichoma utosini, nikaipindua, juu ikawa chini. Kile kifuniko chenye matundu kilikuwa kinateleza, nikakibandua, nikakitia mfukoni. Hivyo ngata ikakaa moja kwa moja juu ya feni, na uzito wote ukaishindilia humo. Viti nikaviacha kwenye nyasi nivirudie baadaye. Nilipanda hivyo hadi juu, na njia ilikuwa ya utelezi, kila hatua mashine inajizungusha kichwani.

Nilipoitua, ngata ilikuwa imekatika, nusu haipo. Niliona, Tuyizere. Nilitupa nusu iliyobaki, nikabana kifuniko mahali pake, nikaisimamisha mashine kwa miguu yake. Ulipofika ukihema nilikuambia vijana wa baiskeli wamenisaidia kuipandisha kwa kuikumbatia. Uliniamini ukaniambia asante. Kifundo kile ni changu. Hakikufungwa kwa ajili ya mtu yeyote, kilifungwa ili ngata isifumuke.

Kwa nini nilikana? Niliogopa kurudi Kakonko mikono mitupu. Na nilipenda kumwona Joanitha akikutazama wewe kwa jicho lile alilonitazama mimi. Hayo mawili, sina la tatu.

Jumatano nilimwambia mzee Melkiory. Alinisikiliza hadi mwisho akiwa anakunywa uji. Alisema mashine imepona na maneno yamekwisha, na yeye hawezi kusikika Kamuli nzima kwamba alimfukuza mtu kwa sababu ya ngata. Akaniambia nirudi kwenye migomba, na nikirudia maneno hayo nitaondoka na mimi. Joanitha alikuwa mlangoni. Aliposikia, aliingia ndani.

Kwa hiyo jana baada ya misa nilikwenda Kihanga kwa mzee Aristides. Nilimkuta na mkewe, na Kemilembe alikuwa anamenya ndizi. Niliyasema yote kama nilivyoyaandika. Hawakunipa kiti. Mzee aliniambia nirudie, nikarudia. Mkewe akauliza mimi ni mtoto wa nani kwetu ninayeweza kusimama nikasema mambo hayo ya kunidhalilisha. Kemilembe aliacha kisu, akaniita jina ambalo sitaliandika, maana mama yako anasikia.

Kisha mzee akasema maneno ya faragha hayaondoi maneno ya hadharani. Hii ni Kwaresima, hapokei pombe ya mtu. Ila Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka atawaita ndugu zake na majirani waliosikia ile habari. Uje na wazee wako, na anayebeba kibuyu cha rubisi mbele ya msafara awe mimi. Nikifika mlangoni nikitue na niseme mbele ya wote kwamba nilisema uongo. Nikilegeza neno hata moja, kibuyu kinarudi na sisi tunarudi nacho. Nikimaliza, kitapokelewa, na posa yako pamoja nacho.

Nilikubali. Mzee Melkiory atasikia na atanifukuza, hilo nimeshalihesabu.

Basi njoo. Lete wazee wawili wanaojua kuongea, na shati jeupe. Nitawasubiri njia panda ya Kihanga saa tatu asubuhi. Nitakibeba kibuyu na nitayasema, yote, kwa sauti ya kusikika. Lakini njiani usiniongeleshe. La mama yangu bado liko palepale, na siku ukiwa tayari kulifuta mbele ya Cleophace na wenzake kama mimi nitakavyosema lako, utanikuta.

Wasalimie nyumbani kwetu, na kaburini pia ukipita.

Ni mimi,
Celestin