Ndege Yangu Nyekundu na Mbogo wa Mpakani

Usa River, Arusha

Dada yangu Mwajuma,

Shikamoo. Nimekaa kwenye ngazi ya mlangoni kwangu, karatasi iko magotini, na jua la Usa limejitokeza kidogo baada ya wiki nzima ya mawingu. Unaendeleaje na kile kifua? Dawa ya kikohozi niliyokutumia ilifika, au iliishia mikononi mwa watu njiani? Baba naye, presha imetulia? Niambie ukweli, usinifiche kwa kuwa niko mbali. Na mikorosho mwaka huu imetoa maua?

Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Ila nikisema mzima, ujue mkono wa kushoto umefungwa hogo, ile plasta ngumu ya mfupa, kuanzia kiganjani hadi karibu na kiwiko. Kwenye simu nilikuambia nimeanguka. Ukaniuliza nimeangukia wapi, nikasema mtandao unakata. Mtandao haukuwa na shida, dada. Sauti yangu ndiyo iliyokuwa inakata, nikaona nikiendelea nitalia na wewe utashindwa kulala. Sasa Asha, tunayefanya naye kazi, anakuja Tunduru kumuuguza mama yake, nimempa barua hii akuletee mkononi. Isome kwanza peke yako, halafu uamue mwenyewe Baba asikie nini.

Habari za ndege zangu unazijua, maana picha niliyokutumia uliicheka. Lakini sijawahi kukueleza zilivyonikamata. Mzee Anaeli, mwenye nyumba ninayopanga, alikuwa fundi wa pampu za maji pale kwenye shamba la maua ninakofanya kazi mpaka alipostaafu. Ni Mmeru wa hapahapa. Huchukua yale maboksi meupe mepesi yanayosafirishiwa samaki, akakata mabawa na mkia, akafunga mota ndogo, betri na pangaboi mbele, basi inakuwa ndege ya kuongozwa kwa rimoti. Jumapili akitoka kanisani alikuwa akizirusha kwenye uwanja wa shule, mimi nikimtazama kutoka kwenye uzio. Siku moja akanipa rimoti nishike. Dada, mimi wiki nzima nasimama kwenye baridi ya chumba cha maua, nachambua waridi, macho yako mezani, miguu imekufa ganzi. Siku ile nilipoinua uso nikaona kitu kinapinda angani kwa sababu kidole changu kimesogea, nilicheka peke yangu kama niliyerogwa. Nikajifunza. Nikatengeneza ya kwangu, ndogo, nikaipaka rangi nyekundu. Ilikuwa ikiruka upandeupande lakini iliruka. Kazini wananiita Rubani, na jina hilo nililipenda kuliko nilivyojionyesha.

Sasa nikueleze ya Jumapili ile.

Uwanja wa shule ulikuwa na mashindano ya kwaya, umejaa watu na maturubai. Mzee akasema twende juu, njia ya Momela, kuna malisho ya shemeji yake, peupe, hakuna nyaya za umeme. Tukabeba ndege mbili, yake ya manjano ambayo ni kubwa, na yangu. Mke wake, Mama Ndeti, alibaki kanisani kwa sababu yeye ndiye aliyepika chakula cha wanakwaya. Tulipofika, yule shemeji akatuonyesha mtaro mrefu upande wa juu, akasema huo ndio mpaka, ng'ambo ni msitu wa hifadhi. Akatuonya kwamba mbogo huwa wanasogea mpaka pale ukingoni, tukae huku chini. Akaenda zake kunywesha ng'ombe.

Tulirusha vizuri kwa muda mrefu. Mimi ndiye niliyekuwa na rimoti ya ile ya manjano. Kisha mlima ukajifunika. Unajua kwetu mvua unaiona ikija kutoka mbali. Hapa Meru, wingu linashuka bila kuaga, na upepo wake ni wa baridi unaopenya nguo. Upepo ukaichukua ndege kwa chini ya bawa, ikainuka, ikaelekea msituni. Nikavuta kulia, haikugeuka. Nikapunguza mwendo, ikaendelea tu. Mzee akanishika bega. Nikaiona ikipita juu ya miti, ikainama, ikazama.

Nikamwambia tuiache, Mzee, ni boksi tu. Akasema si suala la boksi. Akanieleza kuwa betri zile zikiminywa hushika moto, na majani ya pale ukingoni yalikuwa makavu, yakilipuka itakuwa ni sisi tuliochoma msitu. Alisema ameona ilipoangukia, ni karibu, ataitoa betri na kurudi. Nilimshika koti. Nilimwambia tumwite shemeji yake, twende naye kwa askari wa hifadhi. Akanitoa mkono taratibu, kama unavyomtoa mtoto, akavuka mtaro. Alikuwa amevaa koti la bluu. Nililifuata kwa macho mpaka ukungu ukalimeza.

Nikasubiri. Hakurudi. Nikampigia simu. Ikaita mara moja, ikakatwa. Halafu ujumbe ukaingia: "Usipige. Mbogo. Niko juu ya mti."

Dada, sijui nikueleze vipi. Niliyasoma maneno yale mara mbili. Nilimpigia shemeji yake, simu haikupokelewa. Nikampigia Mama Ndeti. Nilidhani atapiga kelele, lakini alinisikiliza mpaka mwisho, nyuma yake kwaya ikiimba. Kisha akasema, "Somoe, nisikilize. Wewe usivuke. Nampigia mwenyekiti wa kijiji awatafute askari wa hifadhi. Baki hapo nikukute." Akakata.

Nikabaki. Ukungu ukawa unafunguka na kufunga. Ulipofunguka nikauona mti, haukuwa mbali kama nilivyodhani, na lile koti la bluu limekumbatia tawi. Chini yake majani yalikuwa yanatikisika. Nikasikia pumzi, dada. Mnyama akipumua kwa hasira unaweza kudhani ni mtu anakoroma ndani ya pipa. Kisha tawi likalia, nikamsikia Mzee akiguna, na mguu wake mmoja ukaning'inia. Ni mtu aliyepita miaka sabini. Nikajua hataweza kuwangoja hao askari.

Sikufikiri sana. Ningefikiri, nisingefanya. Niliichukua ndege yangu nyekundu kutoka kwenye majani, nikaiwasha, nikaitupa hewani. Iliyumba, nikakaribia kuiangusha palepale. Ikavuka mtaro. Ukungu ulikuwa ukiificha na kuirudisha, ikipotea naifuata kwa mlio tu. Nilipoifikisha kwenye ule mti nikaongeza mwendo wote, nikapunguza, nikaongeza tena, ili ilie kama kitu chenye uchungu. Mara ya kwanza mbogo hakujali. Mara ya pili nikamwona akiinua kichwa, nikaona pembe. Nikaishusha. Nilikuwa nasema kwa sauti, ondoka, ondoka, tafadhali ondoka, kana kwamba anachonidai ni kubembelezwa tu. Ndege ikampita karibu na uso.

Akaruka. Lakini hakukimbilia ndani ya msitu. Alikuja upande wangu.

Nilichokiona ni weusi unaokua. Nikaachia rimoti, nikajitupa ndani ya mtaro, mkono ukatangulia, nikasikia mfupa ukivunjika. Ardhi ilitetemeka, udongo ukanimwagikia shingoni, na harufu yake ikanipita juu, harufu ya zizi na matope. Kisha kimya. Sikujua kama nimekufa au la, mpaka maumivu ya mkono yalipokuja.

Hapo ungedhani hofu imekwisha, na mimi nilidhani hivyo. Nilimsikia Mzee akiita jina langu, nikaitika. Ndipo nilipogeuza kichwa kutazama alikoelekea yule mnyama, nikaona moshi wa majiko. Kule chini kulikuwa na nyumba za watu. Mbogo alikuwa ameshuka kwenye nyumba za watu, na ni mimi niliyemfukuza akaenda.

Dada, sijawahi kuogopa namna ile. Kwenye mtaro niliogopa kufa, na kufa ni kwangu mwenyewe. Hii nyingine ilikuwa na watoto wa watu ndani yake, na kina mama walioinamia mboga. Nilipiga ukelele wa kuwaonya, lakini walikuwa mbali mno. Nikasimama nikaanza kukimbia kuelekea kwenye zile nyumba, mkono umening'inia, ndipo nikakutana na gari la askari wa hifadhi likipanda, Mama Ndeti, waliyempakia njiani, amekaa nyuma. Nikawaambia kabla hata hawajashuka: Mzee yuko mtini, mbogo kashuka kijijini. Wakagawanyika. Wawili na bunduki wakateremka, wengine wakaingia msituni.

Mzee walimteremsha, lakini hatua ya mwisho alianguka, mbavu zikavunjika. Betri alikuwa nayo mfukoni. Tukawekwa garini, mimi na yeye, na katika muda wote ule nilikuwa natega sikio nisikie mlio wa bunduki au kilio. Mkuu wa askari hao, mtu mpole wa maneno machache, akaniuliza nani alikuwa anaongoza ndege. Nikasema ni mimi, zote mbili. Akauliza kama najua kwamba hairuhusiwi kurusha chochote juu ya hifadhi bila kibali. Nikasema sijui, ila hata ningejua, ningerusha ile ya pili.

Redio yake ikaita tukiwa bado pale. Wenzake walikuwa wameziona nyayo. Mbogo alipita katikati ya shamba la mahindi, akavunja uzio wa nyumba moja, akakatisha korongo, akarudi msituni. Mama mwenye nyumba ile alimwona kupitia mlango wa zizi alikokuwa anakamua, akajifungia humo na ng'ombe wake. Hakuna aliyeumia. Niliposikia hivyo nilitapika kando ya gari, mbele ya wanaume wote wale, na Mama Ndeti akanishikia kilemba.

Niliitwa ofisini kwao baada ya siku chache. Nilikwenda nikiwa nimeshawaza jela, nimewaza kufukuzwa kazi, nimewaza wewe ukimweleza Baba. Wakanionya kwa maneno makali, wakaniambia nisikanyage tena ule ukingo na ndege ya aina yoyote, wakanipeleka nikamwombe radhi yule mama wa uzio. Nilimwomba. Akaniambia kwamba yeye mpaka leo akienda kukamua anamtanguliza mbwa. Nilimsaidia kushikilia nguzo kwa mkono mmoja wakati mumewe anapigilia.

Mzee bado yuko hospitali. Alhamisi nilikwenda kumwona, Mama Ndeti ametoka kumchotea maji. Anaongea kwa kukatakata kwa sababu ya mbavu. Nilitaka kumuuliza kwa nini hakunisikiliza, lakini nilipomwona alivyosinyaa kwenye shuka lile, nikaliacha lile swali. Yeye ndiye aliyeanza.

"Nilipokuwa kule juu," akasema, "nilikuwa namwomba Mungu usije."

Nikamrekebishia shuka.

"Halafu nikasikia mlio wa ndege yako. Toka hapo nikawa naomba usiondoke."

Akageukia ukutani. Mama Ndeti aliporudi na ndoo alitukuta hivyo, yeye anatazama ukuta, mimi natazama miguu yangu.

Kuhusu mimi, dada, nitakuwa mkweli. Kazini feni za chumba cha baridi zikianza kuunguruma, naachia maua mezani na kutazama mlangoni. Asha ameshazoea, hunishika mgongo na kusema ni feni, Somoe, ni feni tu. Jana Mama Ndeti aliniletea ile rimoti niliyoiachia, askari waliiokota pale kwenye majani. Akasema ikae kwangu, maana mumewe akirudi nyumbani ataitafuta, na yeye hatakuwa na nguvu za kumnyima. Alisimama mlangoni kidogo kisha akaniuliza nitaitupa au nitaitunza. Sijui mwenyewe. Naogopa kuitupa, naogopa kuishika. Usinijibu kwamba niwe jasiri, tafadhali. Niandikie tu ulivyoniona ulipokuwa ukisoma.

Msalimie sana Baba, mwambie mkono unapona, hilo ni kweli. Msalimie shemeji, na wanao wote, hasa yule wa mwisho anayetaka ndege, mwambie mama mdogo amesikia ombi lake. Bibi yetu mzaa mama mwinamie kwa niaba yangu, na fundi cherehani jirani yako mpe pole ya msiba. Mama Ndeti anakusalimu ingawa hamjaonana, anakuita mkwe wake kwa utani. Nimemwomba Asha asiondoke huko kabla hujamaliza kuandika jibu.

Nimeandika karatasi hizi kwa mkono wa kulia, mwingine umelala mapajani, na kila pikipiki inapopita barabarani naona herufi zangu zinapinda. Utazijua zilipo.

Mdogo wako akupendaye,
Somoe