Vidole vya Fundi wa Kufuli

Kaka yangu mpendwa,

Daktari bingwa wa viungo ataniona Jumanne, tarehe kumi na nne mwezi ujao, saa tatu asubuhi. Aliyenieleza ni karani wa kliniki, jana kwa simu, na tarehe alinisomea mara mbili. Nimeanza na hilo ili usilisubiri, lakini salamu nazo zina haki yake. Hujambo? Shemeji hajambo? Mwanao wa mwisho amepona kikohozi? Sisi hapa ni wazima, isipokuwa mikono yangu. Utaona mwandiko umelala. Naandika mchana, vidole vikishalegea kidogo.

Ilianza miezi saba iliyopita. Niliamka vidole vya mikono yote miwili vimevimba kwenye viungo, nikashindwa kushika kikombe. Nilidhani ni kazi, maana jana yake nilikuwa nimechonga kwa tupa funguo arobaini za bweni. Wiki ya pili sikuweza tena kuisingizia kazi. Asubuhi moja nilisimama mbele ya duka, ufunguo umo ndani ya kufuli, na mkono hauna nguvu ya kuuzungusha. Muuza viatu wa jirani, unamjua hanyamazi, akawauliza wateja wake kwa sauti: "Sasa tumtafute fundi gani aje amfungulie fundi?" Watu walicheka. Nami nilicheka, nikamjibu kwamba mganga hajigangi. Alikuja kufungua yeye, na alipoviona vidole vyangu kwa karibu hakutania tena. Tangu siku hiyo hunifungulia bila kuitwa, wala haniulizi kitu. Ukimya wake unanitisha kuliko maumivu.

Tabibu wa zahanati alinipima damu, akanipeleka eksirei. Alisema dalili zinaelekea kwenye baridi yabisi, ile aina ambayo kinga ya mwili inageuka kuvishambulia viungo, ila yeye hawezi kuthibitisha. Wa kuthibitisha ni bingwa, na bingwa ni mmoja, foleni ni ndefu. Nilimuuliza kama nitaendelea na kazi yangu. Alisema wanaowahi dawa wengi huendelea. Wanaochelewa, viungo hupinda na havirudi. Akanipa vidonge vya maumivu, na akaniagiza niandike kila asubuhi inanichukua muda gani mpaka niweze kufunga ngumi. Jumapili, dakika sabini. Jumatatu, dakika tisini. Leo, mia na kumi.

Nesi aliyejaza fomu ya kwenda kwa bingwa aliniuliza kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kuwa na viungo vya namna hii. Nilisema hapana kabla hajamaliza swali. Akaandika hapana.

Kaka, yuko. Ni Baba.

Unakumbuka alipoacha kukuandikia barua, ukaniuliza mimi kulikoni, na mbona unasikia duka linafunguliwa saa nne. Nilikujibu kwamba Baba anakunywa, na kwamba asubuhi mikono inamtetemeka kwa pombe. Baba hakuonja pombe. Hakukuandikia kwa sababu kalamu haikukaa vidoleni. Kila asubuhi aliloweka mikono kwenye beseni la maji ya moto, kisha akaenda kusimama mlangoni pa duka, kiganja juu ya kufuli, akijifanya analikagua, mpaka nifike nimfungulie. Alinikataza kumwambia mtu yeyote, wewe ukiwemo. "Fundi wa kufuli asiye na vidole," alisema, "ni mlango usio na bawaba. Nani atabisha hodi?"

Alinikataza kutaja vidole tu. Habari ya pombe hakunituma, niliitunga mwenyewe. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimebeba duka peke yangu miezi mingi, nimechoka, na nilitaka mtu wa kumkasirikia Baba pamoja nami. Ulijibu kwamba hutakaa chumba kimoja na mlevi. Hukuja tena mpaka siku ya mazishi, ukasimama nyuma ya watu, ukaondoka kabla udongo haujakauka. Baba alikufa akiuliza kama umeandika. Nilimwambia posta siku hizi inachelewa.

Nimekaa na neno hili miaka kumi na tisa na sina la kujitetea. Jana nilimwomba karani asahihishe fomu. Alisema fomu ikishatumwa haisahihishwi kwa simu, nimweleze bingwa mwenyewe, naye atataka kujua Baba alianza akiwa na umri gani, na vidole vipi vilitangulia. Mimi sijui. Nilipoanza kazi dukani ugonjwa ulikuwa umeshamshika. Wewe ndiye uliyefanya naye kazi kabla hujahama. Kama unakumbuka ni lini alianza kukupa wewe ufunguo ufungue, niandikie. Hata kama hutaki kuniandikia jingine lolote, niandikie hilo.

Msalimie shemeji, na watoto waambie baba yao mdogo anawakumbuka. Nitakwenda na daftari langu la asubuhi, na barua yako ikiwa itakuwa imefika. Ni Jumanne, tarehe kumi na nne, saa tatu, chumba namba sita.

Ni mimi,
mdogo wako.