Zile Picha za Sebuleni

Kaka yangu fundi,

Hatujambo, watoto wamepona mafua. Niwie radhi kwa mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto.

Memori uliyonitumia nimeichomeka, na picha za wateja wa zamani nimezihamisha. Kompyuta imechangamka kidogo. Umesema kinachoilemea sasa ni yale mafaili yanayotunza kila hatua ya kusafisha picha, kama kuondoa chunusi na madoa usoni, niyafute. Hayo siyagusi ng'o!

Juzi iliganda mteja akisubiri. Shemeji yako akanibana vidole kwa kifuniko cha hiyo kompyuta ya kupakata, akakikandamiza mpaka nikasikia mfupa ukivunjika. "Nzito kama mwenyewe," akasema, kisha akaenda kumchekea mteja.

Zile picha zangu alizotundika mama sebuleni, mkasema ndoa imenikubali, nilizisafisha mwenyewe. Mafaili yake yamo kwenye flashi hii niliyoitia ndani ya bahasha. Rudi nyuma hatua moja moja, utaona jicho likivimba na mdomo ukipasuka. Mama asizione kabla hajaketi.

Ijumaa nakuja na watoto. Uso nitakaokuja nao sijausafisha.

Dada yako