Nimemwahidi Mama Mkwe Mjukuu Mwenye Masikio Madogo

Mpendwa mshauri, niokoe kabla sijajifungua, maana nacheka mbele za watu na nikibaki peke yangu nalia. Nina mimba ya miezi saba na kazi yangu ni kwenye maabara ya viumbe wa baharini, tunafuga wanyama wa duara wenye miiba mwili mzima, tunarutubisha mayai yao kwenye sahani, kisha kabla yai halijagawanyika mara ya kwanza nalichoma kwa sindano ya kioo nyembamba kuliko unywele, natia dawa inayokata jeni moja tu tuliyoichagua, na tunaanzaga na jeni ya rangi kwa sababu ikikatika unaona kwa macho, basi majuzi vitoto vyetu vikatoka vyeupe pee, tukakumbatiana na kurukaruka mpaka mkuu wa maabara akajimwagia maji ya chumvi viatuni.

Furaha hiyo nikaipeleka kwa mama mkwe, fundi cherehani, ninayempenda kama mama yangu, akaniuliza mezani, "Mwanangu, kama rangi inatoka, na masikio je?" Mshauri, ukoo ule una masikio, si mchezo, anayo yeye, anayo mume wangu, tena ndiyo niliyoyaona kwanza nikampenda, na mimi mdomo umejaa chakula nikaitikia, "Inawezekana, mama," nikiwafikiria wale wanyama, ambao hata masikio hawana! Akanikumbatia, sasa mtaa mzima unajua mjukuu amerekebishwa, ameshona kofia za kila rangi zenye nafasi ya masikio madogo, na jana kwenye picha ya kipimo nikaliona sikio, la babake mtupu, nikacheka mpaka daktari akasitisha kipimo. Nitamwambiaje asione nimemchezea?

Fundi wa Mayai

Wee Fundi wa Mayai, hongera kwa vitoto vyeupe, na hongera zaidi kwa tumbo. Barua yako nimeisoma kwa sauti hapa ofisini, wenzangu wakaacha kazi. Sasa niambie: sindano unaishika bila mkono kutetemeka, ulimi ndio unakushinda? Siku nyingine tafuna, meza, ndipo ujibu. Kila kofia unayoipokea kwa ahsante inaurefusha uongo, na njia ya mwongo ni fupi. Yako inaishia wodi ya wazazi.

Mwambie wiki hii, wewe mwenyewe, usimtume mumeo. Mpeleke maabara, mkalishe kwenye hadubini alione yai, useme: "Mama, sindano inaingia hapa tu, kabla halijagawanyika, tena ni kwa wanyama hawa. Mjukuu wako ana vidole na visigino tayari, na hakuna aliyemgusa." Yeye ni fundi, anajua gauni likishashonwa huwezi kurudi kukata kitambaa upya. Akinuna, mwache anune.

Lakini kuna jambo limekupita, mama. Mtu mzima haombi mjukuu apunguziwe masikio hivi hivi. Nahisi yake yalichekwa, tena sana, na huenda hakuna aliyewahi kumwambia ni mazuri. Wewe uliyapenda kwa mwanawe. Umeshamwambia mama mkwe? Basi anza na hilo, hata kabla ya hadubini. Na mtoto akizaliwa, mpe bibi yake ampakate, kisha uwabusu wote wawili masikioni.