Waya Uliong'olewa

Urpo,

Supu ya samoni iko jikoni. Mbwa hajala. Gari usiliguse: nimeuchomeka tena kwenye umeme waya wa kupasha injini joto, na uuache ukae masaa matatu kabla hujajaribu kuwasha. Dizeli ya umri ule, kwenye nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri, haiwaki kwa matusi.

Hospitali walipopiga simu alfajiri kusema mama ananiulizia, nilitoka mbio na koti juu ya nguo ya kulalia. Nikakuta waya umeng'olewa, na mahali pake wewe umechomeka chaja ya keekee yako ya kutobolea barafu ya ziwa ukavue samaki. Nilipokuita ukasimama mlangoni na kahawa yako, ukacheka: "Gari lenyewe zee kama mwenyewe, bila kupashwa haliamki!"

Nilizungusha ufunguo mpaka betri ikafa. Simu ya pili ilinikuta bado nimekaa kwenye usukani. Mama alikuwa ameshafariki. Muuguzi anasema alikuwa akitazama mlango.

Reijo, yule jirani uliyekuwa ukimcheka, ndiye anayenipeleka. ~~Nitarudi jioni.~~ Sitarudi jioni, na kesho usinisubiri. Dawa yako ya presha imebaki vidonge viwili, kanunue mwenyewe. Mazishini usije.

Anni atakupigia simu. Ameniuliza kwa nini bibi yake amekufa peke yake, nikamwambia akuulize wewe, baba yake.

~~Mkeo~~
Mama Anni